Kubadilisha mashina ya valvu za shawa kwa katriji za kauri katika mabafu ya zamani

Ukiingia katika bafu la nyumba ya zamani hapa Nakuru, iwe Milimani au Section 58, aghalabu utakuta ukutani vishikio viwili vya msalaba vilivyopakwa kromu, kimoja cha maji moto na kingine cha maji baridi, na sakafuni chini ya shawa utaona doa la hudhurungi lililochorwa na tone ambalo limedondoka mahali pamoja kwa miaka. Wenye nyumba wamezoea kukibana kishikio kwa nguvu zao zote kila wanapomaliza kuoga, na kadiri wanavyokibana ndivyo mpira ulio ndani unavyokatika na shaba inayoukalisha inavyochimbika. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuliondoa shina, yaani kile kipande kinachozungushwa na kishikio ili kufunga maji, na kuweka katriji ya kauri, yaani kifungio chenye visahani vya kauri, mahali pake bila kuvunja vigae na bila kuugusa mwili wa valvu uliozikwa ukutani. Nimeifanya kazi hii Nakuru na Kisumu kwa miaka mingi, na jambo ninalotaka msomaji alishike kabla ya kuinua spana ni hili: katriji nyingi ninazoitwa kuzitazama ziliharibika siku ileile zilipofungwa, ama kwa sababu zilinunuliwa bila vipimo, ama kwa sababu ziliingizwa katika bomba ambalo halikusafishwa.

Kinachochakaa ndani ya ukuta

Valvu ya zamani hufunga maji kwa kubana. Unapozungusha kishikio, hesi, yaani yale meno ya skrubu yaliyochongwa kwenye shina, hulisukuma shina ndani, na washa ya mpira iliyo mwishoni mwa shina hukalia ukingo wa mviringo wa shaba ambao hapa nitauita kiti. Mpira ukiwa mpya, vidole viwili vyatosha kufunga. Miaka inapopita mpira hukauka na kuwa mgumu, na ule wa upande wa maji moto hutangulia. Watu huongeza nguvu, ukingo wa kiti huukata mpira, na maji yanayopenya kwa kasi katika mwanya huo mwembamba huila shaba kidogo kidogo hadi kiti kinapata mtaro mdogo unaoweza kuhisiwa kwa ukucha. Ndiyo maana fundi hubadilisha washa leo na tone likarudi baada ya majuma mawili: mpira mpya umekalishwa juu ya kiti kibovu. Kuna pia uvujaji wa pili, ule unaojitokeza nyuma ya kishikio wakati maji yamefunguliwa, ambao hutokana na kuchakaa kwa nyuzi au pete za mpira zinazolizunguka shina chini ya nati yake ya kubana.

Anayedhani tone ni jambo dogo na alipime. Weka chombo chini ya shawa kwa saa moja, kisha uyapime yaliyomo. Ukipata robo lita, hizo ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi wa siku 30, na ikiwa maji yako hupandishwa tangini kwa pampu, umeyalipia mara mbili.

Katriji ya kauri hufunga kwa njia tofauti kabisa. Ndani yake mna visahani viwili vilivyosuguliwa hadi vikawa bapa kiasi kwamba vikikutanishwa maji hayapati pa kupita. Kimoja kimetulia na kingine huzunguka pamoja na shina, na kila kimoja kina matundu. Matundu yakilingana maji hupita, yakipishana maji husimama, na safari yote ya kufungua na kufunga mara nyingi ni robo mzunguko, yaani nyuzi 90. Kauri hiyo hutengenezwa kwa oksidi ya alumini, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs iko kwenye 9, ilhali mchanga wa kwatzi uko kwenye 7 na almasi kwenye 10. Kwa hiyo chembe ya mchanga haiikwaruzi kauri kwa urahisi kama inavyoukwaruza mpira. Hatari yake ni nyingine: kauri ni ngumu lakini haipindi, basi chembe au kipande cha kutu kikikwama kati ya visahani huvitenganisha kwa upana wa unywele, na mtumiaji akilazimisha kishikio, ukingo wa kisahani humeguka. Kikishameguka hakuna dawa ila katriji mpya.

Jambo moja ambalo hata mafundi wenzangu husahau ni kwamba kauri haikiondoi kile kiti cha zamani kazini. Chini ya katriji kuna pete nene ya mpira, na pete hiyo hukalia kiti kilekile kilichochimbika. Kauri itafunga barabara kabisa, lakini maji yatapita pembeni, kati ya pete na mtaro ulio kwenye shaba, na mwenye nyumba ataamini kwamba ameuziwa katriji mbovu.

Je, bafu lako linaifaa kauri?

Wengi wetu huoga maji ya tangi lililo juu ya dari au juu ya mnara mfupi nyuma ya nyumba, kwa sababu maji ya mfereji hayaji kila siku. Kila mita moja ya kimo kati ya uso wa maji tangini na kichwa cha shawa huleta shinikizo la takriban bar 0.1 (bar ni kipimo cha shinikizo la maji), kwa hiyo tangi lililopita shawa kwa mita mbili hutoa bar 0.2 tu. Shina la zamani likifunguliwa mizunguko mitatu huacha njia pana, lakini matundu ya visahani vya kauri ni membamba zaidi, na nyumba ambayo shawa yake ilikuwa ikitiririka polepole inaweza kubaki na shawa inayodondoka tu. Soma kwenye pakiti ya katriji kiwango cha chini cha shinikizo inachohitaji, na kama hakikuandikwa, muulize muuzaji. Kisha, kabla hujafungua chochote, jaza ndoo ya lita 10 kutoka kwenye shawa ukiwa na saa mkononi. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita 5 kwa dakika. Andika hesabu hiyo, kwa maana ndiyo itakayokuonyesha baadaye kama umepoteza kitu.

Iwapo maji yako ni hafifu tangu mwanzo na huna njia ya kuliinua tangi, ushauri wangu wa dhati ni kuacha kauri, ukisage kiti na kuweka washa mpya ya mpira. Mpira hustahimili uchafu, huuzwa kwa bei ndogo, na mtu yeyote mwenye spana anaweza kuubadilisha. Nimewaambia hivyo watu waliokuwa wameshika pesa mkononi, na sijuti.

Mahali penye pampu ya kuongeza shinikizo hakuna tatizo la uhaba wa maji, ila kuna la kishindo. Robo mzunguko hufunga kwa ghafla, maji yaliyokuwa yakikimbia husimama papo hapo, na mabomba ya chuma yaliyolegea ukutani hugonga. Dawa ya kwanza ni kufunga polepole, na ya pili ni kuyakaza mabomba yanayoonekana kwa vibanio vipya.

Kufungua bila kuvunja kiwiko

Panga kuianza kazi asubuhi ya siku ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi yako wazi, kwa sababu shimo likishafunguliwa nyumba haitakuwa na maji hadi katriji ipatikane. Jaza ndoo za kutosha familia. Kama shawa yako ni ile ya umeme inayopasha maji papo hapo, zima swichi yake na uzime pia kikata umeme chake kwenye bodi, kisha uhakikishe hakuna mtu atakayeiwasha ungali bafuni. Kama una tangi la maji moto, la umeme au la jua, zima umeme wake, funga bomba la maji baridi yanayoliingia, na ulipe muda lipoe. Maji ya paneli za jua katika mchana wa Nakuru huchoma ngozi.

Geti valvu, yaani valvu ya kufungia maji, iliyo chini ya tangi huenda haijaguswa kwa miaka 10. Izungushe taratibu, na ikigoma, irudishe nyuma kidogo kisha uendelee, kwa maana shina la geti likikatika utakuwa na kazi mbili. Geti nyingi za zamani hazifungi kabisa. Mchirizi mdogo unavumilika, lakini mchirizi wa unene wa kidole haufai, na hapo ni bora kulimwaga tangi au kubadilisha geti kwanza. Fungua mfereji ulio chini kuliko yote ndani ya nyumba ili bomba litoe maji yaliyosalia, na uzibe tundu la kutolea maji sakafuni kwa tambara ili skrubu isipotelee humo.

Kishikio huwa na kifuniko kidogo chenye alama nyekundu au buluu. Kibandue kwa ncha nyembamba iliyozungushiwa kitambaa, fungua skrubu iliyo chini yake, na uvute. Kishikio kilichoshikamana na shina kimwagiwe maji moto yaliyotoka jikoni, kwa sababu chuma kikipanuka hulegea. Usikigonge kwa nyundo, kwani pigo husafiri hadi kwenye kiungo kilicho ndani ya ukuta. Ondoa kikombe cha kromu kinachofunika tundu, na hapo utaiona nati ya shaba ya shina. Mara nyingi aliyeweka vigae aliizungushia saruji. Iondoe saruji hiyo kwa patasi ndogo kidogo kidogo mpaka pande zote sita za nati zionekane, kwa maana spana isiyoshika sawasawa huila nati ikawa mviringo.

Sasa tumefika mahali panaponitia wasiwasi kuliko pote. Mwili wa valvu umeunganishwa na viwiko, yaani viungio vya bomba vilivyopinda, vya chuma kilichotiwa zinki ambavyo kutu imevila kwa ndani kwa miaka 40 au 50. Ukiizungusha nati kwa nguvu na yenyewe ikakataa, nguvu yote huhamia kwenye mwili, mwili huzunguka, na kiwiko hukatika ndani ya ukuta. Kinachofuata ni kuvunja vigae. Basi fanya hivi: rudisha kishikio kwa muda na ulifungue shina nusu ya safari yake ili washa isiwe imebana kwenye kiti, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu pale nati inapokutana na mwili, acha yakae usiku kucha ikiwezekana, na siku ya kazi tumia spana ya boksi yenye kina, inayoizunguka nati yote. Kabla ya kulegeza, ikaze kwa mguso mdogo sana, upana wa unywele, ili kutu ivunjike, kisha uigeuze kinyume cha saa kwa kani inayopanda polepole. Kama sehemu ya mwili inaonekana, mtu wa pili aishike kwa spana nyingine. Iwapo utaona mwili mzima unatikisika, au shaba ina mabaka ya rangi ya waridi yanayobonyea, simama. Mabaka hayo yanaonyesha kwamba zinki imetoka katika shaba na chuma kilichobaki ni dhaifu kama biskuti. Valvu kama hiyo haistahili katriji, inastahili kung'olewa.

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Shina likishatoka, lisafishe na ulipime kabla ya kwenda popote, kisha uende nalo dukani pamoja na kishikio chake. Nimewahi kununua katriji mbili kwa kukisia, kwa kuwa nilidhani nyumba ya jirani na hii zilijengwa na mtu mmoja, na nikarudi mjini mara tatu siku moja huku mama mwenye nyumba akisubiri na watoto bila maji. Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla ya kufungua.

Kipimo cha kwanza ni upana wa hesi kwa nje. Kenya tulirithi vipimo vya mabomba vya Uingereza, na hapa ndipo wengi hupotea: jina la nusu inchi ni la bomba linalohusika, wala si upana wa hesi yenyewe. Hesi ya nusu inchi ina upana wa karibu milimita 21, na ya robo tatu ya inchi ina karibu milimita 26.4, zote mbili zina meno 14 kwa kila inchi. Ukipima milimita 26 ukaomba katriji ya inchi moja kwa sababu inakaribia, utarudi nyumbani na kitu kisichoingia. Mifereji ya sinki na shawa nyingi hutumia nusu inchi, na ya mabeseni makubwa ya kuogea hutumia robo tatu, lakini baadhi ya valvu za ukutani huvunja kanuni hiyo, kwa hiyo pima.

Cha pili ni kina, kutoka pale bega la nati linapokutana na mwili hadi pale washa inapokalia kiti. Pima ndani ya shimo lenyewe kwa rula nyembamba au kijiti, kwa sababu washa iliyoliwa itakudanganya. Katriji fupi haikifikii kiti na maji hayatafungika kamwe. Katriji ndefu hugonga kiti kabla bega halijakaa, na maji yatatokea kwenye hesi.

Cha tatu ni urefu wa shina lililobaki nje ya ukuta. Katika nyumba nyingi ukarabati ulifanywa kwa kubandika vigae vipya juu ya vya zamani, ukuta ukanenepa kwa sentimita moja au mbili, na kishikio cha katriji ya kawaida kitajikuta kimezama. Zipo katriji zenye shina refu na vipande vya kurefushia, na ni bora kuviuliza mapema.

Cha nne ni ncha ya shina. Katriji nyingi zina ncha yenye meno madogo, na idadi za kawaida ni 20 na 24. Tia alama jino moja kwa kalamu ya wino na uyahesabu yote ukizunguka. Hesabu mara mbili. Mashina ya zamani zaidi yana ncha ya mraba, na kishikio chake cha msalaba hakitakaa juu ya meno bila kipande cha kuunganishia. Kama unavipenda vishikio vya zamani, na vingine ni vizuri kuliko vinavyouzwa leo, tafuta kipande hicho. Vinginevyo nunua vishikio vipya pamoja na katriji.

Cha tano ni mwelekeo. Mashina ya zamani kwa kawaida hufunguka kinyume cha saa, lakini katriji za kauri huuzwa zinazofunguka kushoto na zinazofunguka kulia, mara nyingi zikitofautishwa kwa pete au alama nyekundu na buluu. Jozi ya namna mbili imekusudiwa vishikio vya wenzo, ili vyote viwili vigeukie nje au ndani kwa ulinganifu. Kwa vishikio vya msalaba mimi huchukua mbili za mwelekeo mmoja, zote zifunguke kinyume cha saa, kwa sababu mkono wa mzee aliyeishi humo miaka 30 haupaswi kujifunza upya akiwa na sabuni machoni.

Kiti na bomba visafishwe kwanza

Mulika ndani ya shimo kwa tochi na upitishe kidole juu ya kiti. Kikiwa laini na king'aavu pande zote, endelea. Kikiwa na mtaro au kovu, kinahitaji kusagwa kwa kile kifaa chenye mkono wa umbo la T na kisu cha mviringo mwishoni, ambacho hujifunga kwenye hesi ileile ya valvu ili kikae katikati. Kizungushe taratibu kwa kukiegemea kidogo tu, mizunguko mitatu au minne, kisha utazame. Unatafuta pete ya shaba inayong'aa bila kukatika mahali popote. Ukiipata, acha, maana shaba unayoiondoa hairudi. Kifaa hiki si lazima ukinunue, kwani mafundi wengi wa mabomba wa jua kali wanacho na watakuazima au watakufanyia kazi hiyo kwa ada ndogo.

Baada ya hapo safisha bomba, na hatua hii usiiruke hata kama jua linazama. Chukua chupa kubwa ya plastiki, ikate kitako, na uishikilie juu ya shimo ili maji yaelekee kwenye ndoo badala ya usoni pako. Mtu wa pili afungue geti valvu kwa sekunde tano, aifunge, aifungue tena, hadi maji yawe safi machoni na usihisi chembe ndani ya ndoo unapoyakoroga kwa mkono. Fanya hivyo upande wa moto na upande wa baridi, kila mmoja peke yake.

Nilijifunza uzito wa hatua hii Kisumu. Maji ya mji huo hutoka ziwani kupitia mtambo wa Dunga na mengine kutoka Kajulu, na yanaposafishwa ni safi. Tatizo liko kwenye mabomba ya chuma ya ndani ya nyumba, ambayo maji yakikatika hukauka, na yakirudi kwa kishindo huyabandua maganda ya kutu. Katika nyumba moja ya Milimani nilifunga katriji nne mpya mchana mmoja wa msimu wa masika, nikaridhika, nikaondoka. Siku ya tatu niliitwa. Katika katriji mbili nilikuta maganda ya kutu ya ukubwa wa punje ya ulezi, moja kati ya visahani, jingine limezama katika pete ya mpira, na kisahani kimoja kilikuwa kimemeguka pembeni. Nilizilipia mwenyewe, nikayasafisha mabomba yale kwa nusu saa, na ndoo ya kwanza ilitoka na rangi ya chai. Palipo na mabomba ya namna hiyo, weka kichujio cha wavu baada ya geti valvu mahali unapoweza kukifikia kwa mkono, na ukisafishe kila baada ya miezi michache.

Kwa upande wa Nakuru huulizwa sana kuhusu floridi, ambayo ni nyingi katika maji ya visima vya eneo hili la Bonde la Ufa. Floridi hutia meno madoa na kudhuru mifupa, na ni jambo la kushughulikiwa kwa maji ya kunywa, lakini tone la shawa yako halitoki huko. Utando mweupe unaogandamana kwenye shina na kichwa cha shawa ni madini mengine yaliyobaki maji yalipokauka, na siki iliyoachwa juu yake kwa robo saa, kisha kusuguliwa kwa mswaki wa zamani, huuondoa.

Kufunga katriji

Sugua hesi za mwili kwa mswaki mkavu hadi ziwe safi. Paka pete za mpira za katriji utando mwembamba wa grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya kujipaka wala grisi ya gari, kwa maana vitu vinavyotokana na petroli huvimbisha mpira wa aina nyingi, na pete iliyovimba hujikunja na kuchanika. Wala usizungushe tepu nyeupe ya mabomba kwenye hesi hizi. Najua mkono wa fundi huiendea tepu wenyewe, lakini katriji hufungika kwa pete yake iliyo begani, na tepu hulizuia bega lisikae sawasawa, tena vipande vyake hukatika na kuingia palepale ulipokwisha kupasafisha.

Ingiza katriji kwa vidole. Ikianza kukaza kabla ya mizunguko mitatu, hesi zimepishana. Itoe na uanze upya, ukiizungusha kwanza kinyume cha saa mpaka usikie meno yakidondoka mahali pake. Ikifika mwisho kwa mkono, tumia spana kuikaza kidogo, hadi uhisi pete imebanwa na chuma kimekutana na chuma, basi. Anayeikaza katriji kama alivyolikaza shina la zamani huibana mwili wake wa shaba, na visahani huanza kuzunguka kwa ugumu tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kurudisha vishikio, weka katriji zikiwa wazi na ufungue geti valvu polepole ili hewa itoke bila kugonga. Maji yakishatulia, zifunge zote mbili na uzungushe karatasi kavu ya msalani kwenye kila nati. Unyevu hata kidogo utaonekana. Kichwa cha shawa kitaendelea kudondosha kwa dakika kadhaa, na huo si uvujaji, ni maji yaliyobaki katika bomba linalopanda. Subiri nusu saa. Kama bado linadondoka, funga maji ya upande mmoja kwenye chanzo chake, kisha ya upande wa pili, na ule ambao ukifungwa tone hukoma ndio wenye tatizo; ufungue, na utazame kiti kabla ya kuilaumu kauri. Jaza tena ile ndoo ya lita 10 na ulinganishe na hesabu ya mwanzo.

Vishikio virudishwe katriji zikiwa zimefungwa, vikielekea upande mmoja, na skrubu zikazwe kwa kiasi. Waonyeshe watu wote wa nyumbani, na mfanyakazi wa nyumba pia, kwamba sasa ni robo mzunguko tu na kwamba kishikio kikisimama kimesimama, kwa sababu mazoea ya kubana hudumu, na ndiyo yanayozivunja katriji katika mwezi wa kwanza. Shawa ya umeme irudishiwe umeme baada ya maji kutiririka kikamilifu kupitia kichwa chake, kwani kifaa cha kupasha kikiwashwa bila maji huungua.

Baada ya juma moja rudi na karatasi kavu uzipitie nati tena, na kama kuna unyevu, ongeza mkazo wa upana wa unywele. Mashina ya zamani usiyatupe: yafunge katika mfuko pamoja na kikaratasi chenye vipimo vyote vitano na tarehe, na uuning'inize karibu na geti valvu, ili atakayeitwa siku nyingine ajue cha kununua kabla ya kufunga maji.